Mfinyanzi Hulia Gaeni: Kiswahili na Sayansi ya Harufu Ufuoni mwa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mtu aingiaye soko la Kibuye mjini Kisumu asubuhi na mapema huongozwa na pua kabla ya kuongozwa na macho. Shombo humwonyesha walipo wauza mbuta na omena, riha ya maembe na mananasi humwonyesha walipo wauza matunda, na uvundo wa mtaro humwonyesha mahali pa kuruka. Lugha yetu haina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Kibaya hunuka na kizuri hunukia, na tofauti baina ya mambo haya mawili imebebwa na irabu moja tu. Samaki wana shombo na vumba, jasho lina kutuzi, kwapa lina kikwapa, kilichooza kina uvundo na manukato yana riha. Waliotuachia lugha hii walikuwa na pua, na walizitumia.

Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu harufu yenyewe ni kitu gani, na mtaalamu huipataje kwa jina na kwa kipimo, aghalabu atanyamaza au ataomba ruhusa ajibu kwa Kiingereza. Katika mijadala yetu ya kitaaluma tumezoea kuieleza hali hii kwa sentensi moja: Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Sentensi hiyo imerudiwa katika makongamano, tasnifu na karatasi za mitihani hata imekuwa kama dua.

Makala haya yanaipinga. Hoja yetu ni kwamba upungufu mkubwa wa Kiswahili katika sayansi si wa istilahi bali ni wa matini. Istilahi ni mtoto wa matini. Huzaliwa mwandishi anapohangaika kueleza jambo mpaka likaeleweka. Tumekuwa tukidai watoto ilhali hatujafunga ndoa. Ili hoja isibaki hewani, tutaipitisha katika mfano mmoja wa sayansi ngumu ambayo imefanyiwa kazi hapa hapa kwetu ufuoni: utambuzi wa kampaundi za kaboni zilizomo katika harufu kwa kutumia spektrometa ya masi.

Yaliyotendeka Mbita

Msafiri atokaye Kisumu, akafika Luanda Kotieno na kuvuka ghuba kwa feri, hushukia Mbita, mji mdogo unaokitazama kisiwa cha Rusinga. Hapo pana kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi ya kimataifa ya elimu ya wadudu iliyoasisiwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Profesa Thomas Risley Odhiambo. Kituo cha Mbita leo kina jina lake.

Wakulima wa mahindi na mtama wa ukanda huu wana maadui wawili wa tangu zamani. Wa kwanza ni funza wa mabua, mtoto wa nondo, ambaye hutoboa shina na kulikausha kutoka ndani. Wa pili ni gugu lenye maua ya kupendeza ambalo Wajaluo huliita kayongo na Watanzania huliita kiduha. Gugu hili halina haja ya kujitafutia chakula; huchomeka mizizi yake katika mizizi ya mhindi na kumnyonya. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri mzizi wa mhindi upite karibu.

Katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan wa ICIPE, pamoja na wenzake akiwamo mwanakemia Ahmed Hassanali, na John Pickett wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, waliuliza swali ambalo kwa Kiswahili chepesi ni hili: nondo ananusa nini? Mimea ilifunikwa, hewa iliyoizunguka ikavutwa na harufu yake ikanaswa. Harufu hiyo ikapitishwa katika mashine ya kuichambua, na wakati huo huo ikapulizwa kwenye kipapasio cha nondo kilichounganishwa na nyaya. Kila kipapasio kilipotoa mshtuko wa umeme, watafiti walijua kuwa hapo pamepita kitu anachokijali nondo. Mdudu alichagua; mashine ikataja jina.

Majina yaliyotoka yana mafunzo. Miongoni mwa kampaundi zilizokishtua kipapasio ilikuwamo eugenoli. Msomaji wa pwani haihitaji kuelezwa eugenoli ni nini, kwa sababu ndiyo kiini cha harufu ya karafuu ya Pemba na Unguja. Nondo wa Mbita na mpishi wa pilau wa Chake Chake wanaijua molekuli moja. Majani ya nepia huvutia nondo kuliko mahindi yenyewe, naye hutaga mayai humo. Lakini funza waangualiwao katika nepia wengi hufa kabla ya kukomaa.

Nyasi ya molasi ilitoa siri ya ajabu zaidi. Hiyo hutoa kampaundi yenye atomu 11 za kaboni na atomu 18 za hidrojeni. Mhindi nao hutoa kampaundi iyo hiyo, lakini baada ya kutafunwa. Ni kama kilio, na kilio hicho husikiwa na nyigu mdogo ambaye hutaga mayai yake ndani ya mwili wa funza na kumwangamiza. Tofauti ni kwamba nyasi ya molasi hulia bila kupigwa. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature, mojawapo ya majarida makuu ya sayansi duniani.

Kutokana na kazi hii kukazaliwa kilimo cha sukuma-vuta: nepia pembezoni mwa shamba ili kumvuta nondo, na desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kumsukuma. Na hapo pakatokea lisilotazamiwa. Palipopandwa desmodiamu, kayongo ilipungua mno. Uchambuzi wa majimaji ya mizizi ulionyesha kwamba desmodiamu hutoa kampaundi zinazoamsha mbegu za kayongo, na nyingine zinazozuia kijimzizi chake kukua. Mbegu huamshwa, ikakosa pa kushika, ikafa.

Wala si mimea pekee. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Mbita walichapisha ugunduzi kwamba mbu wa malaria mwenye mimba huvutwa na maji yaliyolowekwa udongo fulani wa huko, na kwamba kinachomvuta ni sedroli, kampaundi ijulikanayo katika mafuta ya mwerezi. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba sedroli hiyo hutengenezwa na kuvu waishio katika viazi vya ndago, gugu ambalo kila mpalizi wa Afrika Mashariki amewahi kulilaani. Kisiwani Rusinga nako, baina ya mwaka 2012 na 2015, nyumba zilitiwa mitego ya umeme wa jua yenye mchanganyiko wa kampaundi ziigazo kutuzi ya binadamu. Katika nyumba zenye mitego, malaria ilikuwa pungufu kwa asilimia 29.8.

Mashine Ifanyavyo Kazi

Mashine iliyotaja majina hayo hufanyaje kazi? Tutajaribu kueleza bila kukimbilia Kiingereza, na msomaji atuhukumu.

Harufu ya jani moja ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi, mara nyingine makumi kwa makumi. Hatua ya kwanza basi ni kuzitenganisha. Mchanganyiko huvukizwa kwa joto na kusukumwa na gesi ya heli ndani ya mrija mwembamba kama unywele, ambao urefu wake waweza kuwa mita 30, uliozungushwa kama kamba ya ndoo ndani ya joko dogo. Molekuli nyingine hupenda kushikamana na ukuta wa mrija, zikachelewa. Nyingine hupita hima. Hivyo hutoka mwishoni moja baada ya nyingine, mithili ya abiria wa matatu ambao walipanda pamoja lakini kila mmoja akashukia kituo chake. Kazi hii huitwa kromatografia ya gesi.

Hatua ya pili ni kuvunja. Kila kampaundi itokapo mrijani huingia katika chumba kisicho na hewa, yaani ombwe, na humo hupigwa na mkondo wa elektroni. Kwa kawaida nishati ya kila elektroni huwa ni elektronivolti 70. Pigo hilo huing'oa molekuli elektroni moja, nayo ikabaki na chaji chanya. Tangu hapo huitwa ayoni. Lakini pigo ni kali kuliko mahitaji ya kung'oa tu, kwa hiyo molekuli nyingi hupasuka vipande.

Hatua ya tatu ni kupima. Chukua mfano wa mvulana aliyesimama ufuoni Dunga akirusha vitu viwili kuelekea ziwani kwa mwendo ule ule, mpira wa karatasi na jiwe, huku upepo ukivuma kutoka ubavuni. Mpira wa karatasi utapindishwa sana, jiwe litapindishwa kidogo. Anayejua nguvu ya upepo na mwendo wa kurusha aweza kujua masi ya kila kitu kwa kutazama pale kilipoangukia. Katika mashine za awali upepo huo ulikuwa ni sumaku. Katika mashine nyingi za leo ni nondo nne za chuma zenye umeme unaobadilika-badilika, ambazo huruhusu ayoni za masi moja tu kupita kwa wakati mmoja, kama chekeche inayobadilisha matundu yake. (Msomaji asichanganye nondo hizi za chuma na yule nondo wa mahindi, lugha ina mizaha yake.)

Mwisho hupatikana mchoro wa mistari, mirefu na mifupi, kila mmoja ukisimama juu ya tarakimu. Na hapo ndipo penye utamu. Irudie ile kampaundi ya nyasi ya molasi. Atomu ya kaboni ina masi ya 12, na ya hidrojeni ina masi ya 1. Kaboni 11 ni 132; ongeza hidrojeni 18, jumla ni 150. Katika mchoro wake umo mstari mdogo juu ya 150, ambao ni molekuli nzima iliyosalimika. Mstari mrefu kuliko yote husimama juu ya 69, ambayo ni kaboni 5 na hidrojeni 9. Upo pia mstari juu ya 81, ambayo ni kaboni 6 na hidrojeni 9. Jumlisha 69 na 81. Molekuli imevunjika mahali pake dhaifu, na vipande viwili vimetueleza mahali hapo ni wapi.

Kwa haki ya sayansi, ieleweke kwamba masi peke yake haitoshi. Zipo kampaundi nyingi zenye idadi ile ile ya atomu lakini zimepangwa kwa namna tofauti, kama vile herufi za neno *kaa* zaweza kupangwa zikawa *aka*. Kwa hiyo mtaalamu hulinganisha mchoro wake na mchoro wa kampaundi safi inayojulikana, na pia hulinganisha muda ambao kila moja ilichukua kupita mrijani. Akipata ulinganifu katika yote mawili ndipo athubutupo kutaja jina.

Elimu hii ina historia ndefu. J. J. Thomson wa Cambridge aliipanda mbegu yake mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwanafunzi wake Francis Aston aliunda chombo chake mwaka 1919 na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1922. Kuunganishwa kwa mrija wa kutenganisha na chombo cha kupima kulifanyika katika miaka ya 1950 nchini Marekani. Waingereza na Wamarekani hao nao hawakuwa na istilahi walipoanza. Walitenda, wakaeleza walilolitenda, na majina yakafuata.

Istilahi Hutoka Wapi?

Msomaji aliyefuatana nasi mpaka hapa ameona kwamba kazi kubwa ya maelezo haikufanywa na nomino ngeni. Imefanywa na vitenzi: kuvukiza, kusukuma, kushikamana, kuchelewa, kupiga, kung'oa, kupasuka, kupinda, kupima, kulinganisha. Vyote ni vyetu. Majina machache ya kutohoa, kama vile molekuli, ayoni, elektroni na heli, yamekaa katika sentensi kwa adabu, yakavaa viambishi vyetu na kutii upatanisho wetu.

Hapana shaka kwamba orodha za istilahi zina thamani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa, na bila juhudi za aina hiyo hata aya zilizotangulia zingekuwa ngumu kuandikwa. Lakini kamusi ni ghala. Ghala lisilo na jiko karibu nafaka yake huliwa na fukusi.

Tuchukue mifano miwili ya jinsi matini inavyozaa istilahi au kuisahihisha.

Mfano wa kwanza ni neno masi. Wapo watakaopendekeza kwamba chombo hiki kiitwe *mizani ya molekuli*, na kwa mtazamo wa kwanza jina hilo linapendeza. Lakini maelezo yetu yanalikataa. Mizani hupima uzito, na uzito ni mvuto wa dunia juu ya kitu. Chombo hiki hakitegemei mvuto wa dunia hata kidogo. Hupima kiasi cha maada kwa kutazama jinsi ayoni inavyokaidi kupindishwa. Kwa hiyo masi, au tungamo kama wengine wasemavyo, si uzito, na chombo si mizani. Anayeunda jina akiwa ofisini hawezi kuliona kosa hilo. Anayeandika maelezo hukutana nalo katika aya ya tatu.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, na tunauleta mbele ya wasomi waupime. Vile vipande vya molekuli iliyopasuka viitweje? *Kipande* ni neno pana mno. Kipande cha mkate hakikuelezi umbo la mkate. Lakini Kiswahili kina neno *kigae*. Mfinyanzi akiokota kigae cha chungu kilichovunjika, kwa kutazama mpindo wake, unene wake na nakshi yake aweza kukueleza chungu kilikuwa kikubwa kiasi gani na kilikuwa cha kazi gani. Hivyo ndivyo mwanakemia afanyavyo kwa 69 na 81. Tunapendekeza basi *kigae* kwa kipande cha molekuli, na *ayoni mama* kwa ile iliyosalimika nzima. Tunatambua kwamba leo vigae ni pia vya paa na vya sakafu. Muktadha utaamua, kama unavyoamua kila siku baina ya nondo na nondo. Pendekezo hili laweza kukataliwa. La msingi ni kwamba halikutoka katika kikao cha kuunda maneno. Limetoka katika taabu ya kueleza.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanasayansi wenyewe. Watasema kwamba majarida yao ni ya Kiingereza, mashine zao huzungumza Kiingereza, na hawaoni hasara iko wapi. Hasara ipo, na wavuvi wa ziwa hili wanaijua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Viktoria kwa shuku kwamba baadhi yao walivuliwa kwa sumu. Riziki ya watu wengi ikasimama. Swali la kuamuliwa lilikuwa ni kama minofu ya samaki ina masalio ya viuawadudu, na ni kiasi gani. Na maswali ya namna hiyo hujibiwa na mashine za jinsi tulizozieleza. Mvuvi ambaye hana lugha ya kuuliza, 'Mmepima nini, mmepimaje, na mmepata kiasi gani?' hana budi kupokea hukumu tu. Lugha ya sayansi kwake ni lugha ya kujitetea.

Zaidi ya hayo, sayansi haijasimama. Miaka ya karibuni wametokea watafiti wengine walioichunguza upya desmodiamu mashambani, nao wanadai kwamba haimsukumi nondo kwa harufu kama ilivyodhaniwa, bali vinyweleo vyake hunasa na kuua funza. Mabishano hayo ni mazuri na ndiyo uhai wa elimu. Lakini ni mabishano juu ya shamba la mkulima wa Suba, na mkulima hayumo. Yeye ambaye hupalilia desmodiamu hiyo kila msimu huenda ameona jambo ambalo lingeamua ugomvi, na hakuna aliyemwuliza kwa lugha ya kumwezesha kujibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wenyeji wa Nyanza wana haki ya kulitoa. Watasema: mkulima wa Mbita huzungumza Dholuo; Kiswahili kwake nacho ni lugha ya kuazima. Ni kweli, na yeyote atakayetumia Kiswahili kuinyamazisha Dholuo hatakuwa ametenda haki. Lakini ziwa hili halina kabila moja. Kayongo ya Mjaluo ndiyo inayomnyonya mhindi wa Mluhya na wa Mkuria, na ndiyo kiduha cha mkulima wa Musoma na Mwanza. Panahitajika lugha ya kuwakutanisha, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwisha kuipa lugha hiyo hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Njia ya haki ni Kiswahili kujifunza kutoka kwa Dholuo. Kimekwisha kufanya hivyo: *omena* na *mbuta* ni maneno ya kila siku ya Kiswahili cha Kenya, kama *sato* na *sangara* yalivyo upande wa Tanzania. Kwa nini *kayongo* isiingie kamusini kando ya *kiduha*?

Pingamizi la tatu hutoka ndani ya nyumba yetu. Tutasema sisi si wanakemia. Kweli, na ndiyo maana tusiandike peke yetu. Katika vyuo vyetu, idara ya Kiswahili na idara ya kemia hutenganishwa na ua mmoja wa nyasi, lakini ua huo umekuwa mpana kuliko Ghuba ya Winam. Mwanafunzi wa kemia anajua kigae cha 69 kimetoka wapi, lakini hajui kukisema. Sisi tunajua kusema, lakini hatuna la kusema. Wawili hawa wakiketi pamoja saa mbili kwa wiki, kila mmoja atamtibu mwenzake.

Nini Kifanyike?

Tunapendekeza mambo matatu, yote ya kiasi na yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, kila toleo la jarida hili liwe na matini moja ya sayansi iliyoandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili na kusomwa na mtaalamu wa fani husika kabla ya kuchapishwa. Isiwe tafsiri ya kurasa za kitabu cha Kiingereza, bali maelezo mapya ya jambo lililotendeka katika mazingira yetu.

Pili, idara zetu zikubali matini za namna hiyo kuwa mradi wa kuhitimu. Tumeandika tasnifu nyingi za kuhesabu maneno yaliyokopwa. Mwanafunzi atakayeandika kurasa 40 za kueleza jinsi mbu anavyonusa ndago, kwa Kiswahili sanifu ambacho mkulima na mwanakemia wote wawili wataridhika nacho, atakuwa ameongeza kitu katika lugha, wala hatakuwa amekihesabu tu kilichomo.

Tatu, tunapozuru, tusizuru Lamu na Mombasa pekee. Pwani ni chimbuko la lugha na itabaki hivyo. Lakini lugha hukua pale inapofanya kazi ngumu, na kazi ngumu inafanyika Mbita. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja na mashine zao, na wenyeji wenzetu waliosomea kemia wameshirikiana nao kwa heshima. Kilichobaki ni wenyeji wa lugha kufika.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuingia katika mashine ya kuvunja molekuli na kutoka salama, kwa vitenzi vyake chenyewe na mikopo michache yenye adabu. Kama maelezo yetu yana kasoro, na hayakosi, kasoro hizo ni za mwandishi wala si za lugha. Mwingine aandike vizuri zaidi, na hapo istilahi zitakuwa zimepata wazazi.

Wahenga walisema pia kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Afinyangaye vyungu vya mji mzima, mwenyewe hupakuliwa chakula katika kigae. Ufuo huu umetoa udongo wake, nyasi zake, nondo zake, mbu wake na kutuzi ya watu wake, na kutokana nayo kimefinyangwa chungu cha elimu kinachosifiwa ulimwenguni. Sehemu iliyowarudia wenyeji kwa lugha wanayoielewa ni kigae tu. Lakini tumejifunza kutoka kwa mashine ile ile kwamba mwenye kigae mkononi, akijua kukisoma, aweza kukijua chungu kizima. Wenzangu wanafunzi, kigae tunacho. Tuanze kukisoma.